Kumsifu Mungu kando ya kaburi: Mkristo anatumaini nini hasa?

Nenda kwenye msiba wowote wa Kikristo, uwe Ng'ambo au Cheyo mjini Tabora, uwe Mwanga kule Kigoma, na kabla jeneza halijashushwa utakuwa umeshasikia maneno haya zaidi ya mara moja: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa, jina la Bwana libarikiwe." Mchungaji anayasema, msemaji wa familia anayarudia, na siku hizi yanachapwa hata kwenye fulana za msiba. Yanatoka kitabu cha Ayubu, sura ya 1, aya ya 21. Tumeyazoea mno, hata uzito wake hatuuhisi tena. Aliyeyasema alikuwa ametoka kupokea habari kwamba watoto wake wote kumi wamekufa, na bado kinywani mwake kilitoka kitu cha kumsifu Mungu.

Sifa ya namna hiyo inasimama juu ya nini? Ukiuliza chini ya turubai utajibiwa: tumaini la uzima wa milele. Jibu ni sahihi, lakini ndani yake yamesokotana mambo mengi. Uzima huo unaanza lini? Ni wa roho peke yake, au na mwili umo? Marehemu yuko wapi sasa hivi? Kumsifu Mungu ndiko kunakotupatia uzima huo, au ni kinyume chake? Wakristo wazuri kabisa, walioimba kwaya miaka mingi, hukwama katika maswali haya siku msiba unapobisha kwao. Inafaa yafumuliwe kabla ya siku hiyo.

Tuanze na Ayubu mwenyewe, kwa sababu tunamnukuu nusu. Baada ya sifa ile ya sura ya kwanza, sura ya tatu inamkuta akiilaani siku aliyozaliwa. Anaendelea kulia, kuuliza na kumlalamikia Mungu kwa sehemu kubwa ya kitabu, huku marafiki zake wakimtetea Mungu kwa maneno matamu. Mwishoni Mungu anawakasirikia marafiki wale, na kuwaambia hawakunena yaliyo sawa "kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu". Aliyesifu na kulalamika anathibitishwa. Waliotoa majibu mepesi wanaambiwa wamwombe yeye awaombee. Ningependa kila mtoa neno la faraja asome kitabu hicho mpaka mwisho kabla ya kushika kipaza sauti.

Sasa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Sehemu kubwa ya Agano la Kale haisemi lolote kuhusu kwenda mbinguni baada ya kufa. Mwisraeli wa kale alijua kuzimu, mahali pa giza na kimya wanapoishia wema na wabaya pamoja. Kilichomtisha zaidi kuhusu mahali hapo ni kwamba hakuna sifa. "Katika kuzimu ni nani atakayekushukuru?" inauliza Zaburi ya 6. Mfalme Hezekia alipopona ugonjwa uliokuwa umuue, aliimba kwamba kuzimu hakuwezi kumsifu Mungu, mauti haiwezi kumwadhimisha: "Aliye hai, naam, aliye hai, ndiye atakayekusifu, kama mimi leo." Kwa watu hawa kuishi na kumsifu Mungu vilikuwa kitu kimoja. Mfu ni yule ambaye sifa imemkatikia kinywani.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye mzizi wa jambo lote. Tumaini la ufufuo halikuingia Israeli kwa sababu watu waliogopa kufa, maana watu wa mataifa yote huogopa kufa. Lilikua kutokana na kumjua Mungu kwa kumsifu. Waliomwimbia kwamba fadhili zake ni za milele walifika mahali wakauliza: fadhili za milele zitaishiaje kwenye shimo la kaburi? Zaburi ya 63 inasema fadhili za Mungu ni njema kuliko uhai. Ukisema hivyo kwa moyo wako wote, tayari umekiri kwamba kuna kitu ambacho kifo hakiwezi kukichukua.

Jibu lilikuja polepole. Katika Isaya 26:19 limetoka kama sauti ya mtu anayeamsha waliolala: "Amkeni, kaimbeni, ninyi mnaokaa mavumbini." Wafu wanaamshwa, na kazi ya kwanza wanayopewa ni kuimba. Danieli 12:2 inasema wazi kwamba wengi wa walalao mavumbini wataamka, wengine wapate uzima wa milele, wengine aibu. Kisha kuna Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Wakatoliki wanacho katika Biblia yao na Waprotestanti wengi hawanacho. Kinasimulia mateso ya Wayahudi chini ya mfalme Antioko Epifane, miaka ya 160 hivi kabla ya Kristo. Ndugu saba na mama yao wanauawa mmoja baada ya mwingine kwa kukataa kuivunja sheria ya Mungu. Wa tatu anaambiwa atoe ulimi ukatwe. Anautoa, ananyosha na mikono, na kusema alivipata viungo hivyo kutoka mbinguni na anatumaini kurudishiwa na Mungu huyohuyo. Ulimi uleule. Tumaini lake halikuwa roho kupaa na kuuacha mwili nyuma. Alitaka arudishiwe kinywa chake.

Wayahudi wote hawakukubaliana. Wakati wa Yesu Masadukayo, waliokuwa na nguvu hekaluni, walikataa ufufuo, na Mafarisayo waliukubali. Yesu alisimama upande wa ufufuo, na hoja yake katika Marko 12 ni fupi: Mungu amejiita Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na "yeye si Mungu wa wafu, bali wa walio hai".

Halafu ukaja usiku wa kusalitiwa kwake. Marko 14:26 ina aya tunayoipita haraka tukiwahi Gethsemane: "Nao walipokwisha kuimba, wakatoka kwenda mlima wa Mizeituni." Waliimba nini? Marko hasemi, lakini desturi ya Wayahudi kwenye chakula cha Pasaka ni kuimba zaburi za Haleli, yaani 113 hadi 118, na wafafanuzi wengi wa Biblia wanaona ndizo zilizoimbwa usiku ule. Basi fungua Zaburi ya 115, aya ya 17 na ya 18: "Sio wafu wamsifuo BWANA, wala wo wote washukao kwenye kimya, bali sisi tutamhimidi BWANA, tangu leo na hata milele." Endelea mpaka 118:17: "Sitakufa bali nitaishi, nami nitayasimulia matendo ya BWANA." Ikiwa ndizo, Yesu aliimba maneno hayo mawili saa chache kabla ya msalaba, akijua anashuka kwenye kimya chenyewe. Kesho yake alilia kwa maneno ya mwanzo wa Zaburi ya 22, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Zaburi hiyohiyo, ukiisoma mbele, mteswa anaahidi kumsifu Mungu katikati ya kusanyiko. Nimekuwa nikirudi kwenye aya hizi kila Alhamisi Kuu na bado hazijaniishia.

Siku ya tatu kaburi lilikutwa wazi, na hapo ndipo imani ya Kikristo inapowekea uzito wake wote. Paulo, akiwaandikia Wakorintho kwenye miaka ya 50 ya karne ya kwanza, hakuzungusha maneno: kama Kristo hakufufuka, kuhubiri ni bure na imani ni bure. Korintho kulikuwa na Wakristo waliomwimbia Kristo lakini wakakataa kwamba wafu watafufuka. Paulo anawaambia haiwezekani kushika kimoja na kuacha kingine. Kristo ni "limbuko lao waliolala", na limbuko ni sehemu ya kwanza ya mavuno ambayo mengine yake yanakuja. Kuhusu mwili utakaofufuliwa anatumia mbegu. Mkulima wa Urambo au Kasulu anamwelewa bila mkalimani: punje ya mahindi unayoifukia Novemba si bua litakalosimama Machi, lakini hakuna bua lisilotoka kwenye punje ile. Mwili wa ufufuo ni wetu na umegeuzwa. Kwa hiyo tunapoosha mwili wa marehemu, kuuvalisha na kuulaza kwa heshima, hatuhangaiki na ganda lililoachwa.

Nasisitiza hili kwa sababu mahubiri mengi ya misibani yanaishia njiani. Tunaambiwa marehemu "ametutangulia mbinguni", basi. Ni kweli kwa kiasi chake, lakini kanuni ya imani inayokaririwa na Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian inafunga kwa ufufuo wa mwili na uzima wa milele. Ufunuo 21 inazungumzia mbingu mpya na nchi mpya, na mji wa Mungu unashuka kuja huku. Tumaini la Kikristo ni kwamba Mungu hataiacha kazi ya mikono yake. Ziwa, mbuga, miili yetu, vyote vimo katika hesabu.

Tena uzima huo hausubiri kufa kwetu. Yohana anatumia maneno ya sasa: anayelisikia neno la Kristo na kumwamini aliyempeleka "yuna uzima wa milele", naye "amepita kutoka mautini kuingia uzimani". Na katika sala ya Yesu, Yohana 17:3, uzima wa milele ni kumjua Mungu wa pekee wa kweli na Yesu Kristo aliyemtuma. Urefu wa muda haujatajwa kabisa. Ni kujuana na Mungu, na kujuana huko kumeshaanza: jikoni, shambani, kwenye foleni ya zahanati.

Ndiyo maana sifa haiwezi kuwa nauli ya kwendea mbinguni. Mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu hakuwahi kuimba kwaya. Aliomba neno moja, akumbukwe, akaahidiwa peponi. Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, si kwa matendo, na kumsifu Mungu kwa sauti kubwa ni tendo kama matendo mengine. Lakini sura ya kwanza ya waraka huohuo inarudia kwamba tuliteuliwa tupate "kuwa sifa ya utukufu wake". Kwa hiyo hatusifu ili tupewe uzima. Tunasifu kwa kuwa tumepewa, na sifa yenyewe ndiyo uzima huo ukitenda kazi ndani yetu. Petro alipowaandikia Wakristo waliokuwa wakiteswa alianza hivi: "Ahimidiwe Mungu", kisha katika sentensi hiyohiyo akataja "tumaini lenye uzima kwa kufufuka kwake Yesu Kristo katika wafu".

Swali la marehemu yuko wapi sasa ndilo linalotenganisha makanisa yetu, na watu wa mikoa hii wanalikuta ndani ya familia moja, maana shangazi ni Mkatoliki, mjomba ni Msabato na binti ameolewa na Mpentekoste. Wakatoliki wanafundisha kwamba wanaokufa katika urafiki na Mungu bila kutakata kabisa hutakaswa toharani, na walio hai wanaweza kuwasaidia kwa sala na Misa. Ndiyo maana ya "raha ya milele uwape, ee Bwana". Wanategemea pia Wamakabayo, pale Yuda Mmakabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, anapowatolea wafu sadaka. Walutheri, Waanglikana wengi, Wamoravian na Wapentekoste wanasema aliyekufa katika Kristo yuko na Kristo tayari, kama Paulo alivyotamani katika Wafilipi 1:23, akingoja ufufuo. Waadventista Wasabato, ambao Kigoma wanajulikana sana kwa hospitali yao ya Heri, wanafundisha kwamba wafu wamelala bila kujua lolote mpaka parapanda ilie, wakishika Mhubiri 9:5. Hata ahadi kwa yule mhalifu inasomwa tofauti: Kigiriki cha kale hakikuandikwa na mikato, kwa hiyo wao huunganisha "leo" na "nakuambia", wengine na "utakuwa pamoja nami". Mimi nasimama na wanaosoma kwamba alikuwa na Kristo siku ileile. Lakini naomba ndugu wasigombane juu ya hili mbele ya jeneza, kwa sababu wote, na yule Msabato asiyekariri kanuni ya imani, wanangojea jambo lilelile: Kristo kurudi na makaburi kufunguka.

Namna ya kuimba misibani nayo imebadilika kwa karne nyingi. Wakristo wa kwanza waliwakumbuka mashahidi wao kwa furaha. Wale wa Smirna, baada ya askofu wao Polikarpo kuchomwa moto katika karne ya pili, waliandika kwamba watakusanyika kila mwaka kusherehekea siku hiyo kama ya kuzaliwa kwake. Baadaye hofu ya hukumu ilitanda. Katika Misa ya wafu ya Kilatini mavazi yalikuwa meusi na Aleluya haikuimbwa. Luther, katika dibaji ya nyimbo za mazishi ya mwaka 1542, alisema kaburini ziimbwe nyimbo za faraja, za msamaha, usingizi na ufufuo, si za kukatisha tamaa. Kanisa Katoliki kwa upande wake, katika hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia ya mwaka 1963, liliagiza ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi sura ya Pasaka katika kifo cha Mkristo. Aleluya ikarudi kwenye jeneza.

Wamoravian wana jambo lao ambalo Tabora limeota mizizi. Mwaka 1732, katika kijiji cha Herrnhut nchini Ujerumani, kundi la vijana liliamka kabla ya jua siku ya Pasaka, likaenda makaburini na kuimba ufufuo hapo. Mwaka huohuo Herrnhut ilituma wamisionari wake wa kwanza ng'ambo, na mwaka 1898 Wamoravian walipokea kituo cha Urambo kutoka London Missionary Society, shirika la wamisionari la Uingereza. Ibada ile ilisafiri nao. Alfajiri ya Pasaka waumini hukusanyika makaburini, na katika liturujia ya asubuhi hiyo wanaomba kudumu katika ushirika na ndugu walioingia furaha ya Bwana tangu Pasaka iliyopita. Nembo yao ni Mwana-Kondoo aliyebeba bendera, na maneno yake yanasema Mwana-Kondoo ameshinda, tumfuate. Hata asiye Mmoravian aende mara moja. Atawaona wajane wakiimba mahali walipolia miezi michache nyuma, na wengine wanaimba huku wanalia.

Huyo Mwana-Kondoo ametoka Ufunuo sura ya 5, ambako mbingu yote inamwimbia. Vijana huniuliza kama umilele ni ibada moja isiyokwisha, maana ibada ya muda wa saa nne tu inawachosha. Nawaambia wasome mpaka sura za mwisho. Mna mji, mti wa uzima, mataifa yakileta utukufu wao, na watumwa wa Mungu "watamtumikia". Mna kazi, na hamna hekalu, kwa kuwa Mungu mwenyewe yupo. Sura ya 7 inataja umati wa kila taifa, kabila, jamaa na lugha. Lugha hazifutwi. Anayetaka kuonja kidogo asikilize ibada kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, ambako tangu 1996 Wakongo wamemsifu Mungu ugenini, na Warundi nao, kila kundi na lugha zake. Wamekosa nchi, mashamba, na wengine hata makaburi ya wazazi wao hawawezi kuyafikia, na bado wanaimba. Ufunuo wenyewe uliandikwa na mtu aliyekuwa uhamishoni, kisiwani Patmo.

Kuna mafundisho mawili yanayoniumiza. La kwanza linafanya sifa kuwa silaha ya kumlazimisha Mungu: sifu kwa nguvu, mgonjwa atapona, asipopona, hukusifu vya kutosha. Mama aliyempoteza mtoto anabebeshwa hatia juu ya msiba. Vijana watatu wa Danieli 3 walisema Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, wakaongeza "bali kama si hivyo", bado hawataiabudu sanamu. Sifa inayokosa "bali kama si hivyo" ni biashara.

La pili ni lile la "jikaze mama, Mkristo halii". Yesu alilia kwenye kaburi la Lazaro akijua kabisa kwamba dakika chache zijazo atamwita atoke. Paulo hakuwaambia Wathesalonike wasihuzunike. Aliwaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Tumaini halikaushi machozi kwa amri. Ufunuo 21:4 inasema Mungu mwenyewe atayafuta, na huwezi kufutiwa machozi ambayo hukuruhusiwa kuyatoa. Zaburi nyingi huanza na kilio na kuishia na sifa, lakini ya 88 inaanza gizani na kuishia gizani, nayo imo katika kitabu kilekile kinachofungwa na "kila mwenye pumzi na amsifu BWANA". Siku nyingine mtu hana ya kusema zaidi ya zaburi ya 88, na hajatoka nje ya imani.

Ndiyo kazi ya kwaya kwenye kesha la msiba. Mfiwa amekaa kwenye mkeka, sauti haitoki, na hakuna anayemdai. Wengine wanaimba kwa niaba yake mpaka sauti yake irudi, iwe ni baada ya matanga au mwaka unaofuata. Kwa sababu hiyo nawaomba walimu wa kwaya wapitie daftari zao za nyimbo za mazishi. Utakuta nyingi za kuaga, za dunia si kwetu, za safari; ni nzuri, ziendelee. Lakini hesabuni ngapi zinataja kwamba Kristo amefufuka na kwamba huyu tunayemfukia atafufuliwa. Kama hakuna, tafuteni hata moja, na iimbwe pale udongo unapoanza kumwagwa.